Tukapige Mbizi Wapi? Somo la Bahari Kutoka Hai Malakal



Darasa letu la jioni la Kiswahili hukutana katika mtaa wa Hai Malakal. Jina lenyewe la mtaa ni somo la lugha. "Hai" ya hapa si ile ya Kiswahili yenye maana ya kuwa na uhai. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa, na Malakal ni mji ulioko kaskazini mwa nchi yetu, kando ya Nili Nyeupe. Basi mtu anayekaa Hai Malakal anakaa "Mtaa wa Malakal", ingawa huenda hajawahi kufika Malakal yenyewe.

Siku moja tulianza msamiati wa pwani. Tuliuliza, "Nani kati yenu amewahi kuiona bahari?" Mikono yote ikapanda. Tulishangaa, maana kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni safari ya siku kadhaa kwa basi. Mwanafunzi mmoja akatueleza: "Ustaz, bahari ipo hapa hapa." Alikuwa anazungumzia mto! Na hakukosea kwa lugha yake. Mto unaopita Juba unaitwa Bahr al-Jabal, na kwa Kiarabu neno "bahr" hutumika kwa bahari na vilevile kwa mto mkubwa. Waswahili walilichukua neno hilo kwa maana moja tu, yaani maji ya chumvi yasiyo na ng'ambo inayoonekana.

Kosa hilo ndilo lililozaa makala hii. Tulikuwa tunapanga safari ya mafunzo ya kwenda Tanzania mwezi wa Julai, ili wanafunzi wawepo pwani wakati wa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7. Wanafunzi waliomba siku mbili za kupiga mbizi baharini kwa mitungi ya hewa. Tuliwapa kazi: chagueni mahali, kisha mtetee uchaguzi wenu kwa Kiswahili fasaha. Katika kurasa hizi tunaeleza uchaguzi huo ulivyofanyika, maana tuliona kwamba mtu asiyejua maneno ya bahari huchagua kwa picha, na anayechagua kwa picha anaweza kujiponza.

Kwanza, neno lenyewe

Katika rasimu za kwanza, mwanafunzi mmoja aliandika, "Nataka kuzama Pemba." Mwingine akaandika, "Tutazamia Zanzibar." Wa kwanza alikuwa anasema, bila kujua, kwamba anataka kwenda chini asirudi. Kuzama hutokea kwa jiwe, kwa meli iliyotoboka na kwa mtu aliyeshindwa na maji. Wa pili alikuwa karibu na ukweli, kwa sababu kuzamia ni kwenda chini kwa makusudi kutafuta kitu, kama lulu au nanga iliyopotea. Lakini siku hizi ukimwambia kijana wa Dar es Salaam au Mombasa kwamba "umezamia", ataelewa kuwa umejificha ndani ya meli na kuingia nchi ya watu bila ruhusa. Kwa mtu mwenye pasipoti na viza, si neno la kulitamka mbele ya afisa wa uhamiaji.

Neno salama ni kupiga mbizi. Mwenye kufanya hivyo ni mpiga mbizi. Vifaa vyake ni miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, nguo ya mpira, mkanda wa vyuma vya uzito, mtungi wa hewa, na kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa. Hapa mwanafunzi wa Juba ana jambo jingine la kujua. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo mtu huelea kwa urahisi zaidi baharini, na huhitaji vyuma vingi zaidi kiunoni ili aweze kushuka.

Uchaguzi wa kwanza

Kundi kubwa lilichagua Pemba mara moja. Walikuwa wameona picha: maji ya buluu iliyokolea, kuta za matumbawe zinazoteremka hadi macho yasione mwisho, na makundi ya samaki. Picha hizo hazikudanganya. Mkondo wa bahari unaotenga Pemba na bara una kina cha zaidi ya mita 800, na ndiyo maana kuta zake ni za kusifika.

Mzee mmoja wa darasa letu hakuinua mkono. Ujana wake aliupitisha Port Sudan, enzi zile ambapo bahari ya nchi yetu ilikuwa Bahari ya Shamu, kabla Sudan Kusini haijawa nchi huru mwaka 2011. Mafuta yetu hata sasa hupita kwa bomba hadi pwani hiyo. Kule nako kuna mbizi maarufu. Mwaka 1963 Mfaransa Jacques Cousteau alijenga nyumba chini ya maji katika mwamba wa Sha'ab Rumi, na watu wakaishi humo. Lakini tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimeifanya njia hiyo isiwe ya kufikiria. Mzee alituambia jambo moja tu: wavuvi wa Port Sudan walikuwa hawaulizi mahali kwanza. Waliuliza upepo.

Tukaamua kuanza upya, kwa maswali manne.

Swali la kwanza: Ni msimu gani?

Pwani ya Waswahili ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, ukitoka upande wa kaskazini mashariki, na huleta joto. Kusi huvuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba. Kusi ni upepo wenye nguvu zaidi, na husukuma mawimbi makubwa kwenye fukwe zinazotazama mashariki. Katikati ya pepo hizi kuna kipindi cha mabadiliko ambacho wenye vyombo hukiita tanga mbili. Kwa kawaida bahari hutulia na maji huwa maangavu kuanzia Oktoba hadi Novemba, na tena Februari na Machi. Aprili na Mei ni masika. Mvua hunyesha sana, maji ya mito huingia baharini na tope lake, na baadhi ya hoteli za pwani hufunga.

Safari yetu ni ya Julai, maana yake ni ya kusi. Hilo peke yake linabadilisha ramani. Upande wa mashariki wa visiwa huchafuka, na upande wa magharibi huwa umekingwa na kisiwa chenyewe. Joto la maji nalo hushuka hadi karibu nyuzi 25, ilhali mwezi Machi hufika karibu nyuzi 29. Nyuzi 25 si baridi kwa anayeoga dakika kumi, lakini kwa anayekaa chini ya maji karibu saa nzima, nguo ya mpira si pambo.

Swali la pili: Maji yakoje?

Mwanafunzi wa mtoni anajua maji yanayokwenda upande mmoja siku zote. Maji ya pwani huenda na kurudi. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa sana, na katika pwani yetu inaweza kufika karibu mita nne. Hayo huitwa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua na maji huitwa maji mafu.

Kwa mpiga mbizi, maneno haya ni usalama wake. Wakati wa bamvua maji mengi hupita kwa muda uleule katika milango ya miamba, kwa hiyo mkondo huwa mkali. Mtu anaweza kuchukuliwa mbali na mashua bila kupiga hata pezi moja. Mwenye uzoefu hulitumia hilo: hujiachia, naye nahodha humfuata kwa juu. Asiye na uzoefu huogopa, huhema haraka, na mtungi wake huisha mapema. Kwa hiyo mtu akikuambia "mahali fulani pazuri", muulize, "Pazuri wakati wa bamvua au wakati wa maji mafu?" Nahodha atakujibu kwa heshima zaidi, maana atajua kuwa unauliza jambo linalokuhusu.

Swali la tatu: Nani anakwenda?

Hapa ndipo darasa lilipoanza kubishana, kwa sababu tulikuwa hatulingani. Mmoja wetu ana cheti cha kupiga mbizi. Wengi wanaogelea kiasi. Watatu hawaogelei kabisa, wala si jambo la ajabu. Bahr al-Jabal una mkondo wa nguvu na una mamba, na mama wengi wa Juba huwakataza watoto wao kuuchezea.

Elimu ya mbizi ina ngazi. Mgeni kabisa anaweza kujaribu akiwa ameshikwa karibu na mwalimu, kwa kina kisichozidi mita 12. Mwenye cheti cha mwanzo hufika mita 18. Ngazi inayofuata huruhusu mita 30, na mwisho wa mbizi za starehe ni mita 40. Ili kupata cheti cha mwanzo, mwanafunzi huonyesha kwamba anaweza kuogelea mita 200 bila kupumzika, na kuelea dakika 10.

Sababu za viwango hivi si ukiritimba wa wenye biashara. Kila mita 10 za kushuka, uzito wa maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa ufukweni. Hewa uliyoivuta pale chini, ukiibana kifuani na kupanda nayo juu, hutanuka mara mbili na inaweza kupasua mapafu. Ndiyo maana sheria ya kwanza ni kutobana pumzi kamwe. Tena, hewa ina nitrojeni ambayo huingia mwilini kwa wingi kadiri mtu anavyoshuka na kukaa. Akipanda haraka, nitrojeni hiyo hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla. Humletea maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Kwa hiyo hupanda polepole, kisha husimama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au hata mafua makali amwone daktari kabla ya kulipa nauli. Ni afadhali aelezwe hapa Juba kuliko kukataliwa ufukweni.

Mahali penyewe

Baada ya maswali hayo matatu, tuliirudia ramani.

Pemba: Mbizi nyingi ziko upande wa magharibi, hivyo kusi si tatizo kubwa. Tatizo ni kina na mkondo, hasa katika milango kama ule wa Njao. Kisiwa cha Misali, kilicho eneo la hifadhi tangu 1998, kina sehemu tulivu zaidi. Hata hivyo Pemba humpendeza zaidi aliyekwisha kujua kazi. Ukuta usio na sakafu si mahali pa kujifunzia kudhibiti kina.

Mafia: Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilometa za mraba 822. Ghuba ya Chole ni ya kupendeza, na mlango wa Kinasi hupigiwa mbizi kwa kufuata saa za maji. Wanafunzi waliitaka Mafia kwa ajili ya potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, asiyemdhuru mtu. Kenya wengine humwita papa shilingi, kwa sababu madoa ya mgongoni mwake ni kama sarafu zilizomwagwa. Lakini potwe hukaribia Kilindoni takriban kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Kumfuata Julai ni kwenda harusini baada ya wageni kuondoka. Isitoshe, wakati wa kusi mbizi nyingi hubaki ndani ya ghuba.

Tanga: Hapa kuna hifadhi ya silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka zamani za kale, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanafunzi mmoja alisisitiza twende kumwona. Tulimweleza kwamba silikanti huishi chini ya mita 100, ambako mpiga mbizi wa starehe hafiki. Tukajifunza kwamba mahali panaweza kuwa na sifa ya kitu ambacho mgeni hatakiona.

Unguja, kaskazini na mashariki: Mwamba wa Mnemba, mbele ya Matemwe, una kasa, pomboo na matumbawe mengi. Ni maarufu sana, kwa hiyo mashua na watu huwa wengi. Julai upande unaopigwa na kusi huchafuka, na manahodha hutafuta upande uliokingwa. Fungu la Leven, lililo kaskazini ya mbali kuelekea Pemba, lina mkondo mkali na ni la wazoefu tu.

Unguja, Mji Mkongwe: Magharibi ya mji kuna visiwa na miamba ya karibu kama Bawe, Pange, Murogo na Nyange. Safari ya mashua ni fupi, kisiwa kizima cha Unguja kinakinga kusi, na mtu hahitaji kwenda chini sana ili aone matumbawe. Maji si maangavu kama ya Pemba, hilo ni kweli. Kuna pia historia. Katika bandari hiyo, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza.

Chumbe: Kisiwa hiki kidogo kusini ya Mji Mkongwe kimekuwa hifadhi tangu 1994. Mbizi za mitungi haziruhusiwi kwa wageni. Wao huelea juu kwa miwani na mrija, wakiongozwa na walinzi wa hifadhi. Katika orodha ya kwanza wanafunzi walikifuta kwa wino mwekundu.

Swali la nne: Unarudije nyumbani?

Swali hili hatukulikuta katika picha yoyote, nalo lilitushtua. Kwa kuwa nitrojeni hubaki mwilini baada ya mbizi, mtu hatakiwi kupanda mahali pa juu mapema. Ushauri wa kawaida kabla ya kupanda ndege ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Wengi wetu tungerudi kwa basi, kupitia Mombasa, Nairobi, Kampala na Nimule, tukadhani sheria ya ndege haituhusu. Lakini barabara ya Nairobi kwenda Eldoret hupanda milima, na pale Timboroa imeinuka zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na basi. Kwa hiyo siku ya mwisho pwani iwe ya soko, makumbusho na mazungumzo, si ya mbizi.

Tulichoamua

Tuliamua Mji Mkongwe. Mbizi zitakuwa katika siku za mwanzo, na tarehe ndani ya Julai itapangwa kwa kuangalia mwezi, ili tuangukie maji mafu. Nafasi iliyobaki tutaitumia kwa lugha, maana Zanzibar ndiko yaliko makao ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, chenye ualimu wa Kiswahili kwa wageni wa miaka mingi.

Tusifiche kwamba uamuzi huu uliwauma baadhi yetu. Mwenzetu mwenye cheti alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya Pemba. Aliuliza kwa nini darasa zima lishuke hadi kiwango cha wasiojua. Ni swali la haki. Aliyemjibu ni mmoja wa wale watatu wasioogelea, dada ambaye siku zote hukaa karibu na mlango na husema machache. Alisema, "Kaka, Pemba mimi ningekaa ndani ya mashua nikikungoja. Huku Chumbe nitaweka uso wangu majini." Alikuwa amekwisha kuanza kujifunza kuelea katika bwawa la hoteli moja hapa Juba, bila kumwambia yeyote.

Chumbe kikarudishwa katika orodha, safari hii kwa wino wa kawaida. Mwenye cheti ameahidi kumshika mkono. Pemba haiendi popote.

Kwa walimu wenzetu

Zoezi hili linafaa darasa lolote lililo mbali na bahari. Wape wanafunzi mwezi wa safari, ramani ya pwani, na orodha ya wasafiri wenye uwezo tofauti. Wachague mahali, lakini katika kujieleza walazimike kutumia maneno haya kwa usahihi: kaskazi, kusi, tanga mbili, masika, bamvua, maji mafu, kujaa, kupwa, mkondo, mwamba, mlango, kina. Kisha waulize ni neno lipi lililowafanya wabadili uamuzi. Kwetu sisi lilikuwa "kusi" kwa wengi, na "bamvua" kwa wengine.

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi wa Hai Malakal bado hatujayafika. Lakini angalau sasa, tukiulizwa nani ameiona bahari, tunajua ni mikono mingapi iinuke. Tunatumaini kuwaandikia tena baada ya Julai, tukiwa na chumvi kidogo masikioni.